Krismasi na Watoto Jijini

SWALI: Shangazi, salamu. Naishi Kayole, Nairobi, na wanangu watatu, mkubwa ana miaka 9. Mwaka huu nauli ya kwenda nyumbani imenishinda. Wanalilia kutembezwa Krismasi, na mfuko umetoboka. Niwapeleke wapi?
Mama Watatu

JIBU: Mwanangu, pole. Nenda Arboretum, pale State House Road. Bustani hiyo ilianzishwa 1907, na miti yake imetoka pembe nyingi za dunia. Shuka mjini mtembee. Mkubwa wako anaweza, mdogo utambeba. Pika chapati usiku wa kuamkia Krismasi, uzifunge kwa kitambaa, ubebe maji na leso ya kukalia.

Chakula kiwe ndani ya mfuko wenye zipu. Kima wa pale hawana haya. Mmoja alishuka mtini, akamnyakua mpwa wangu chapati mkononi, akakaa juu ya tawi akiichana vipande taratibu huku mtoto analia machozi. Nilimpa yangu, akanyamaza.

Ukipata vijisenti, siku nyingine kabla ya Krismasi wapeleke Makumbusho ya Reli, karibu na stesheni kuu. Kuna behewa ambamo simba alimuua Charles Ryall, afisa wa polisi, mwaka 1900 kwenye stesheni ya Kima. Mkubwa wako atasimama mbele yake kimya. Wadogo usiwasimulie usiku.

Rudini mapema, kabla ya saa kumi na moja. Jioni ya Krismasi matatu hujaa na nauli hupanda, nawe una mtoto wa kubeba.