Makala yangu iliyotoka kwenye jarida: je, naweza kuiweka kwenye hazina ya kidijitali ya chuo?

SWALI

Mimi ni mhadhiri wa chuo kikuu. Chuo chetu kimeanzisha hazina ya kidijitali, na kila mtafiti ametakiwa kuweka humo kazi zake ili zisomwe na yeyote bila malipo. Nilipakia makala yangu kama ilivyotoka kwenye jarida, lakini mkutubi akaiondoa akisema kuwa hilo si toleo linaloruhusiwa. Tasnifu yangu ya uzamivu ameiacha, ila nikiitafuta kwenye Google Scholar, huduma ya Google ya kutafuta kazi za kitaaluma, siioni. Je, mkutubi alikuwa sahihi? Kwa nini tasnifu haionekani? Na ikibaki wazi kwa wote, je, nitazuiwa kuichapisha kama kitabu baadaye?

JIBU

Ndugu mhadhiri, kwa maelezo yako naamini mkutubi alikuwa sahihi, naye amekuepusha na malalamiko ya mchapishaji ambayo yangekufikia wewe kabla ya kukifikia chuo. Hata hivyo, kuondolewa kwa faili lile hakuna maana kwamba makala yako haiwezi kuwekwa wazi. Maana yake ni kwamba umepeleka nakala isiyo yako, na huenda iliyo yako imelala kwenye kompyuta yako mpaka sasa.

Makala moja ya jarida huwa na matoleo matatu. La kwanza ni muswada uliomtumia mhariri kabla wataalamu hawajaupitia. La pili ni muswada uliokubaliwa, yaani ule ulioufanyia marekebisho baada ya kupata maoni ya wapitiaji, kisha mhariri akakuandikia kwamba ameupokea kwa ajili ya kuchapishwa. La tatu ni lile lililopangwa na jarida lenyewe, lenye nembo, namba za kurasa na mpangilio wa mchapishaji. Kwa msomaji anayetafuta matokeo ya utafiti, toleo la pili na la tatu hayatofautiani sana: hoja ni zilezile, majedwali ni yaleyale, na mahitimisho hayakubadilika. Kisheria, hata hivyo, yako mbali sana. Ulipotia saini mkataba wa uchapishaji, huenda ulihamisha hakimiliki au ulimpa mchapishaji leseni ya pekee, na tangu hapo toleo la tatu likawa mali anayoisambaza yeye kwa masharti yake. Lakini wachapishaji wengi humwachia mwandishi haki ya kuweka toleo la pili kwenye hazina ya chuo chake, wengine papo hapo, wengine baada ya miezi 6, 12 au 24. Hiyo ndiyo njia ambayo wakutubi huiita njia ya kijani, na ni mojawapo ya njia mbili zilizopendekezwa katika Azimio la Budapest la mwaka 2002 kuhusu ufikiaji huria wa maandiko ya kitaaluma. Njia ya pili ni kuchapisha katika majarida ambayo yenyewe yako wazi.

Lipo jambo moja linaloweza kubadilisha jibu hili lote. Fungua ukurasa wa kwanza wa makala yako na utazame maandishi madogo yaliyo chini yake. Ukiona imeandikwa kwamba makala imetolewa kwa leseni ya Creative Commons, yaani ruhusa ya wazi kwa wote kuitumia kazi kwa masharti yaliyotajwa, hasa ile ya CC BY, ambayo sharti lake kuu ni kumtaja mwandishi, basi toleo la jarida lenyewe linaruhusiwa kuwekwa kwenye hazina leo hii, mradi chanzo kitajwe na leseni ionyeshwe. Mwandikie mkutubi na umwoneshe mstari huo. Usipouona, soma mkataba uliotia saini. Kama mkataba huo umepotea, tafuta jina la jarida katika huduma ya Sherpa Romeo, ambayo sasa imo ndani ya Open Policy Finder ya shirika la Jisc la Uingereza. Huko sera za wachapishaji zimepangwa toleo kwa toleo: lipi linaruhusiwa, liwekwe wapi, na baada ya muda gani. Zingatia hilo neno «wapi», kwa sababu ruhusa ya kuweka kwenye hazina ya chuo haimaanishi ruhusa ya kuweka kwenye mitandao ya kijamii ya watafiti inayoendeshwa kibiashara, na watu wengi hudhani kwamba ni kitu kimoja.

Mchapishaji akitaka usubiri, usisubiri nje ya hazina. Peleka muswada uliokubaliwa sasa, na umwombe mkutubi aufungie mpaka tarehe itakapofika. Programu zinazotumiwa sana kwa kazi hii, kama DSpace, iliyotolewa mwaka 2002 na maktaba za MIT kwa kushirikiana na kampuni ya Hewlett-Packard, na EPrints ya Chuo Kikuu cha Southampton, zina uwezo huo. Rekodi huonekana na kila mtu tangu siku ya kwanza, ikiwa na kichwa, ikisiri (yaani muhtasari wa kazi) na jina la jarida, na faili hufunguka lenyewe zuio likiisha. Nalisisitiza hili kwa sababu nimeona makala nyingi nzuri zikipotea kwa njia hii tu: mtafiti anasema ataileta mwaka ukiisha, mwaka unaisha, kompyuta imebadilishwa, na hakuna anayekumbuka.

Sasa nije kwenye tasnifu isiyoonekana. Sijaiona rekodi yako, lakini nitakueleza ile niliyokutana nayo katika hazina ya chuo kimoja, kwa kuwa makosa yake ndiyo ninayoyakuta mara nyingi zaidi. Katika sehemu ya kichwa palikuwa pameandikwa TASNIFU FINAL, kwa herufi kubwa tupu. Mwandishi alikuwa ameandikwa kwa cheo, herufi mbili za mwanzo na nukta. Tarehe iliyojazwa ilikuwa ya siku ya kupakia, si ya mwaka ambao tasnifu ilikubaliwa. Sehemu ya ikisiri ilikuwa tupu. Faili lenyewe lilikuwa la kurasa mia tatu na kitu zilizopigwa skani kutoka kwenye nakala iliyojalidiwa, kurasa nyingine zikiwa zimelala upande, na ukijaribu kuchagua neno moja kwa kipanya, ukurasa mzima ulishikwa kama picha. Jicho la binadamu liliiona tasnifu, lakini mashine iliona rundo la picha lisilo na neno hata moja ndani yake. Mtu angeweza kuandika kichwa halisi cha utafiti ule, neno kwa neno, asiupate.

Usitegemee bahati kwamba Google Scholar itasoma picha za namna hiyo. Mwongozo wake kwa wasimamizi wa hazina unataka kila kazi iwe na ukurasa wake, maandishi ya PDF yaweze kutafutwa, kichwa cha kazi kiwe kwa maandishi ya ukubwa unaoonekana juu ya ukurasa wa kwanza na majina ya waandishi chini yake, na faili lisizidi megabaiti 5. Tasnifu iliyopigwa skani huvuka kiwango hicho kwa urahisi mno. Kwa hiyo, kama bado una faili la awali la Word au LaTeX, tengeneza PDF mpya kutoka humo badala ya kutumia skani. Itakuwa nyepesi, maandishi yake yatatafutika, na hata msomaji asiyeona ataweza kusomewa na programu. Chagua muundo wa PDF/A iwapo programu yako inao, kwa maana muundo huo umebuniwa kwa ajili ya uhifadhi wa muda mrefu na hubeba fonti zake ndani. Usiweke nywila. Kama skani ndiyo pekee iliyopo, omba maktaba iipitishe kwenye programu ya kutambua maandishi, kisha ipunguze ukubwa.

Halafu ipo rekodi yenyewe, na hapa nakuomba utulie, kwa sababu dakika ishirini utakazotumia hapa zinafanya kazi kubwa kuliko watafiti wengi wanavyodhani. Hazina nyingi huandika rekodi zake kwa kufuata viwango vya Dublin Core, ambavyo msingi wake ni vipengele 15: kichwa, mtunzi, mada, maelezo, mchapishaji, tarehe, lugha, haki na vinginevyo. Rekodi hizo hazibaki kwenye hazina ya chuo peke yake. Kwa itifaki iitwayo OAI-PMH, huduma kama BASE ya maktaba ya Chuo Kikuu cha Bielefeld na CORE ya Uingereza huzikusanya na kuziunganisha na mamilioni ya nyingine, kwa hiyo jina lililokosewa chuoni kwako hukosewa kila mahali. Andika jina la ukoo, koma, kisha majina mengine kwa ukamilifu, bila cheo, na kwa namna ileile katika kazi zako zote. Ongeza namba yako ya ORCID, ile ya tarakimu 16 inayomtambulisha kila mtafiti, ili usichanganywe na mwenye jina kama lako. Mwaka uwe wa kazi, si wa kupakia. Ikisiri iwemo nzima, na kama tasnifu iliandikwa kwa Kiingereza, weka na ikisiri ya Kiswahili pamoja na maneno muhimu ya Kiswahili. Watu uliowahoji, walimu wanaofundisha mada hiyo na wanahabari wanaoiandikia hutafuta kwa lugha wanayoitumia, nami sioni sababu ya utafiti uliofanywa kwa Kiswahili kufikiwa kwa maneno ya Kiingereza peke yake.

Ukimaliza yote hayo, vuta subira kwa wiki kadhaa. Ikiwa bado haionekani, na kazi za wenzako pia hazionekani, tatizo litakuwa kwenye seva, kwa mfano mpangilio unaozuia roboti za utafutaji kupita, na hilo ni la msimamizi wa mfumo kulirekebisha. Unapotaja kazi yako mahali popote, tumia kiungo cha kudumu ambacho hazina imekupa, kiwe cha Handle au cha DOI, ambavyo ni vitambulisho visivyobadilika vya kazi za kidijitali, usinakili anwani iliyo juu ya kivinjari, kwani hiyo inaweza kubadilika siku mfumo ukihamishwa.

Kuhusu kitabu, kwa kawaida tasnifu iliyo wazi haikuzuii, kwa kuwa kitabu kinachotokana nayo huandikwa upya: sura ya nadharia hufupishwa, mbinu husogezwa nyuma, na msomaji anayelengwa si mtahini tena. Lakini sera hutofautiana kati ya mchapishaji mmoja na mwingine, hivyo muulize yule unayemtaka kabla ya kusaini chochote, na ikibidi omba zuio la mwaka mmoja au miwili. Uwe mwangalifu na leseni unayoichagua, kwa sababu leseni ya Creative Commons ikishatolewa haiondolewi kwa wale walioipokea. Kwa makala ambazo haki zake bado ni zako, ningekushauri CC BY. Kwa tasnifu unayotaka kuigeuza kitabu, leseni inayokataza matumizi ya kibiashara na nakala zilizobadilishwa itakuachia nafasi zaidi.

Yapo mambo mawili yanayonitia wasiwasi kuliko kitabu. Kama tasnifu ina uvumbuzi unaoweza kupewa hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake, usiifungue kabla ya ombi la hataza kuwasilishwa, kwa sababu katika nchi nyingi kuutangaza hadharani huuondolea uvumbuzi sifa ya upya. Marekani humpa mvumbuzi mwaka mmoja baada ya kuutangaza ili awasilishe ombi, lakini mfumo wa hataza wa Ulaya hauna nafasi ya jumla kama hiyo. La pili ni viambatisho. Kagua hojaji, picha na nukuu za mahojiano, ulinganishe na fomu ya ridhaa waliyosaini washiriki. Mtu aliyekubali maneno yake yasomwe na watahini hakukubali kwamba jina lake litafutwe kwenye intaneti. Viambatisho hivyo vinaweza kufungiwa peke yake, tasnifu ikabaki wazi.

Sasa rudi kwenye makala iliyoondolewa. Ukiwa hukumbuki muswada uliokubaliwa uko wapi, fungua barua pepe na utafute ile ambayo mhariri alikuarifu kuwa makala imepokelewa, kisha urudi nyuma mpaka faili la mwisho ulilomtumia kabla ya barua hiyo. Mara nyingi limo pia kwenye akaunti yako ya mfumo wa jarida. Usichukue nakala ya kusahihisha chapa uliyotumiwa baadaye, hata kama inaonekana safi zaidi, kwani hiyo imeshapangwa na mchapishaji. Kama mlikuwa waandishi kadhaa, waarifu wenzako, kisha juu ya ukurasa wa kwanza andika kwamba huu ni muswada uliokubaliwa, taja jarida, mwaka na DOI ya toleo lililochapishwa, na umpelekee mkutubi faili hilo pamoja na tarehe ya zuio, kama lipo.