Mesoni za vekta: kabla hujafungua laptopu, jua nadharia yako inaishia wapi

Juzi kijana mmoja anayesoma masta hapa Kampala kaniuliza aanzie wapi na mesoni za vekta (chembe za kwaki na antikwaki zenye spini 1, spini ni kama mzunguko wa ndani wa chembe), nikamwambia sikiza mdogo wangu, mimi nilipoteza karibu miezi minne sababu hakuna aliyeniambia hili mapema, wacha niliandike lisiwapate na wengine.

Nilianza na nadharia ya paioni peke yake. Paioni ndo mesoni nyepesi kuliko zote, masi yake kama MeV 140 (MeV ni kipimo cha nishati, na masi pia tunaipima nayo), na kwa nishati ndogo hesabu zinatoka safi kabisa, sasa nikaona niendelee kupanda tu, MeV 500, 600, 700, naongeza vipengele vya mfululizo wa hesabu na kila nikiongeza mambo yanazidi kuharibika. Nikadhani nimekosea alama mahali, nikarudia daftari zote mbili. Kumbe hesabu ilikua sawa! Pale MeV 775 kuna ro, mesoni ya spini 1 inayoishi kidogo mno alafu inavunjika kuwa paioni mbili, na ule mfululizo wa paioni hata uurefushe vipi haukupi ule mlima unaoonekana kwenye data kwa nishati hiyo, ro lazima uiweke mwenyewe.

Nadharia efektivu, yaani zile zinazoacha undani usioonekana kwa nishati yako, ndo zilivyo. Mama anayeuza matoke Nakasero anainua mkungu anajua bei yake bila habari ya molekuli za wanga, na yuko sahihi. Na sisi huku chini tunaacha kwaki na gluoni zinazozigandisha pamoja, ila chembe zinazoonekana kwa nishati unayofanyia kazi lazima ziwemo zote.

Kwa hiyo anza na karatasi. Kuna uhusiano wa mwaka 1966 unaoitwa KSRF, herufi za Kawarabayashi, Suzuki, na ndugu mapacha wa Pakistan, Riazuddin na Fayyazuddin. Unasema masi ya ro kipeo cha pili ni 2 mara g kipeo cha pili mara f kipeo cha pili, g ikiwa nguvu ya ro kushikana na paioni, f ikiwa namba inayopima kuvunjika kwa paioni. Upana wa ro, yaani wa ule mlima wake kwenye data, kama MeV 149, unakupa g karibu 6, f ya paioni ni MeV 92, piga hapo unapata kama 780. Yaani mstari mmoja! Mimi siku hiyo usingizi ulinipotea kwa furaha.

Chunga f lakini, makala zingine zinaandika 130 sababu wamezidisha kwa kipeuo cha pili cha 2, ukichanganya hizo mbili umeharibu wiki nzima.

Ukishamaliza hapo ndo uingie simetria iliyofichika ya Bando na wenzake, 1985, ambapo ro inakua kama bosoni ya geji, yaani chembe inayobeba nguvu kama fotoni. Ndani yake kuna namba huru a, na ukiweka a=2 KSRF inajitokeza yenyewe, watu wengi wanaiandika kama vile imethibitishwa, hapana, simetria peke yake haikulazimishi 2, umeichagua kwa sababu data inaipenda, so kwenye tasnifu yako andika wazi kwamba umeichagua na uonyeshe matokeo yakoje ukiisogeza kidogo. Omega na fai, mesoni zingine za vekta, zisubiri kwanza, milima yao ni myembamba sana na omega inavunjika zaidi kuwa paioni tatu, hesabu yake ni nyingine.