Utarajali wa daktari wa mbwa na paka: anza na zamu za usiku

Umeuliza utajuaje kama mwaka wa utarajali wa kuzunguka idara, yaani mafunzo kazini baada ya kuhitimu, ambayo ni njia ya kuelekea ubingwa, utakufaa. Ulizia usiku kwanza. Mbwa akiletwa saa nane usiku, tumbo limevimba na kujisokota, nani yuko jengoni pamoja nawe? Kama bingwa anapatikana kwa simu tu, unaziba pengo la wafanyakazi, hufundishwi. Kisha ongea na watarajali waliopo, bosi akiwa mbali: wanafungua tumbo wenyewe au kazi yao ni kushikilia vifaa? Wanalala? Ratiba ya upasuaji, magonjwa ya ndani, dawa za usingizi na dharura uipate kwa maandishi. Na kama ubingwa si lengo lako, kliniki yenye daktari mzoefu anayependa kuelekeza inatosha kabisa.