Utamaduni uingie kwenye krediti, usibaki kwenye Ijumaa ya shanga

SWALI

Shikamoo mwalimu. Mimi ni Mtanzania, nafundisha katika kituo cha elimu ya watu wazima mjini Winnipeg, Canada. Nina wanafunzi 14 wa jamii za asili za Canada: wengi ni Waanishinaabe na Wacree, wachache Wamétis, na mmoja Mdene kutoka kaskazini. Wote wanatafuta diploma ya sekondari waliyoikosa ujanani. Mratibu ameniambia masomo yawe na mizizi katika utamaduni wao, nami nikaanzisha Ijumaa ya kushona shanga. Cha ajabu, Ijumaa ndiyo siku wanayokosa zaidi, na mmoja ameniambia wazi: "Hii haihesabiwi." Je, kazi ya namna hii inaingizwaje ikahesabiwa? Mzee wa jamii anaalikwaje? Na kwa nini darasa linalojaa Septemba hubaki nusu ifikapo Novemba?

JIBU

Marahaba, mwalimu mwenzangu. Huyo aliyekuambia "haihesabiwi" amekwisha kujibu nusu ya barua yako. Mtu mzima mwenye watoto, zamu ya usiku na nauli ya kuungaunga hana Ijumaa ya kuchezea. Ukimpa shughuli ya utamaduni isiyomsogeza kwenye diploma, umemwongezea mzigo, hata kama anaipenda. Basi tuanze na hesabu ya krediti, yaani kipimo cha somo lililokamilika. Shanga tutazirudia.

Diploma ya kawaida ya Manitoba, mkoa wenye mji wenu wa Winnipeg, inataka krediti 30. Ile ya wanafunzi watu wazima inataka 8 tu, kwa mtu wa miaka 19 na zaidi aliyekaa nje ya shule miezi 6 au zaidi, na ambaye darasa aliloliacha limeshahitimu. Katika hizo 8, nne lazima ziwe za darasa la 12: lugha, hesabu, na masomo mengine mawili. Nne zilizobaki zaweza kuwa za darasa lolote kuanzia la 9 hadi la 12, na krediti za zamani zinakubaliwa. Hapo ndipo vituo vingi hupoteza watu. Mama wa miaka 34 aliyeacha shule darasa la 10 akiwa na krediti 6 haanzi upya. Nne kati ya zile za zamani zinajaza upande wa pili wote, akabakiwa na nne za darasa la 12. Krediti moja ni saa 110, kwa hiyo anadaiwa saa 440. Akisoma masomo mawili kwa pamoja, saa 20 kwa wiki, anamaliza kwa wiki 22. Mwambie hivyo siku ya kwanza, kwa karatasi na kalamu, mbele yake. Wengi huingia wakidhani wanadaiwa miaka mitatu.

Ili umwambie hivyo unahitaji rekodi yake ya zamani, na rekodi hupotea kwa sababu za kawaida kabisa: alisoma kwa jina la ukoo la familia iliyomlea, au alihama mkoa, au shule ilikuwa kwenye ardhi ya jamii yake na faili lilibaki ofisi ya huko. Muulize majina yote aliyowahi kuandikishwa nayo. Usimpe mtihani wa kumpima kabla rekodi haijafika. Mtihani wa siku ya kwanza humkumbusha alikotokea, naye harudi Jumatano.

Sasa utamaduni. Mlango mwepesi ni somo la darasa la 12 la masuala ya sasa ya Mataifa ya Kwanza, Wamétis na Wainuit (makundi matatu ya watu wa asili wa Canada), lililomo kwenye mtaala wa Manitoba. Linajaza moja ya nafasi mbili za hiari za darasa la 12. Upo pia mradi wa kuchunguza utamaduni, ambao mwanafunzi hupata krediti kwa kujifunza kutoka kwa Wazee. Sharti ni kwamba mpango uandikwe na kuidhinishwa na mkuu wa kituo kabla ya kuanza, na saa ziandikwe kila siku. Anayeijua lugha yake anaweza kufanyiwa mtihani maalumu wa lugha na kupata hadi krediti nne, moja kwa kila darasa kuanzia la 9 hadi la 12. Huu ni utajiri, lakini una mitego miwili. Watahini wa lugha ya Mdene wako ni wachache, kwa hiyo omba mapema. Pia uliza mtihani una sehemu ya kuandika kiasi gani, kwa sababu wapo watu wazima wanaoongea lugha yao vizuri sana na hawajawahi kufundishwa kuiandika.

Kinachokuhusu zaidi, hata hivyo, ni hesabu na lugha, maana hizo hazikwepeki. Chukua zile shanga. Katika nishani ya duara, yaani pambo la mviringo la shanga, unaanza na ushanga mmoja katikati, kisha unazungusha. Mzunguko wa kwanza huchukua shanga 6, wa pili 12 au 13, wa tatu 19, wa nne 25, wa tano 31. Kila mzunguko unaongeza takriban sita na robo, yaani pai mara mbili, kwa sababu nusu kipenyo kimeongezeka kwa upana wa ushanga mmoja. Shanga zikipungua, sahani inajikunja kama kikombe. Zikizidi, zinapandana na ukingo unafanya mawimbi. Mshonaji mzoefu hulijua hilo kwa vidole, na kazi yako ni kumwonyesha kwamba vidole vyake vimekuwa vikifanya hesabu ya duara miaka yote. Kisha peleka mbele: shanga ndogo za kioo kwa kawaida haziwi na upana sawa na urefu. Mpe rula ya vernia, inayopima hadi sehemu ndogo za milimita, apime shanga 10 zilizopangwa kwa upana, halafu 10 kwa urefu, agawe kwa 10, na aeleze kwa nini kupima 10 kunapunguza kosa kuliko kupima mmoja. Hapo umeingia mada ya usahihi wa vipimo katika somo la hesabu la darasa la 12 liitwalo Essential Mathematics, na karatasi yake inakwenda kwenye faili la alama.

Au chukua ardhi mliyokalia. Winnipeg iko katika eneo la Mkataba wa 1 kati ya serikali ya Malkia na mataifa ya asili, uliotiwa saini Lower Fort Garry tarehe 3 Agosti 1871. Uliahidi ekari 160 kwa kila familia ya watu watano. Mkataba wa 3, miaka miwili tu baadaye, uliahidi 640 kwa familia kama hiyo. Gawanya: 32 kwa mtu, 128 kwa mtu. Waache wauulize wenyewe mkataba swali linalofuata. Malipo ya mwaka ya Mkataba wa 1 yalipandishwa hadi dola 5 kwa mtu mwaka 1875, na hadi leo ni dola 5. Waambie wazikuze dola 5 kwa miaka 150: kwa asilimia 2 kwa mwaka zinafika kama dola 97.50, kwa asilimia 3 zinafika kama dola 421. Hakuna mfano wa riba juu ya riba utakaokaa kichwani kuliko huo. Mada ya mkopo wa gari nayo ihamishie kwenye pikipiki ya theluji. Anayetoka kaskazini anajua bei yake.

Kwenye lugha, mtaala wa Manitoba unahesabu kusikiliza na kuzungumza sawa na kusoma na kuandika, pamoja na kutazama na kuwasilisha kwa picha. Kwa hiyo simulizi iliyorekodiwa ni kazi halali ya kupewa alama, mradi umeandaa vigezo mapema na umevionyesha darasani. Angalia majira tu. Hadithi za mjanja Nanabush kwa Waanishinaabe, na za mwenzake Wîsahkêcâhk kwa Wacree, husimuliwa theluji ikiwa imetanda ardhini. Aliyekatazwa na bibi yake kutamba hadithi mchana ataelewa bila maelezo. Sehemu hiyo ya somo iweke Desemba hadi Machi, usiiweke Septemba.

Tahadhari moja hapa. Manitoba ina mataifa ya Wacree, Waanishinaabe, Waanishininew, Wadakota na Wadene, ukiacha Wamétis na Wainuit. Gurudumu la rangi nne, ile alama ya mafundisho ya baadhi ya mataifa iliyobandikwa kila ukuta, si la wote, na huyo Mdene wako huenda analitazama kama Mchagga anavyotazama nguo za Kimasai alizopewa avae kwa ajili ya watalii. Uliza kila mtu ni wa taifa gani na jamii ipi, na usimfanye yeyote msemaji wa wengine.

Kuhusu Mzee: kwetu mvi hutosha mtu kuitwa mzee. Huko Mzee hutambuliwa na jamii yake kwa maarifa na mwenendo, na wapo wazee wa umri ambao si Wazee. Anza kwa msaidizi wake, au mfanyakazi wa jamii aliyepo kituoni, umuulize desturi ya Mzee huyo. Kwa Waanishinaabe na Wacree wengi ombi hutanguliwa na tumbaku, asemaa au cistêmâw, iliyolegea na kufungwa kwenye kitambaa au mfuko mdogo. Unaitoa kwanza, unasema unachoomba, ndipo anaamua. Akiipokea amekubali. Asipoipokea, shukuru uondoke, usibembeleze. Wainuit hawana desturi hiyo, na baadhi ya Wazee Wakristo hawaitaki, ndiyo maana tunaanza kwa msaidizi.

Tumbaku si malipo. Malipo ni bahasha, siku hiyo hiyo, kabla hajavaa koti, pamoja na nauli na chakula kinachopakuliwa kwake kwanza. Mgogoro huzuka kwa mhasibu anayetaka ankara na kusubiri siku 30. Mpelekee ombi wiki tatu kabla. Na usimwite Mzee "azungumze kuhusu utamaduni". Mwite kwa jambo moja lililo kwenye somo, kwa mfano jinsi familia yake ilivyokadiria njia na umbali barafu ilipoganda ziwani.

Kufukiza kwa majani ya seji au nyasi tamu kunafanana na ubani wetu kwa macho tu, kwa hiyo usilete udi wako ukidhani unachangia. Taarifu wasimamizi wa jengo mapema kwa ajili ya king'ora cha moshi, fungua madirisha, uliza nani ana pumu. Anayeongoza ni aliyefundishwa, wewe ukae kama mgeni. Asiyetaka atoke au abaki bila kuulizwa sababu, kwani kati ya wanafunzi wako wamo Wakatoliki na Wapentekoste.

Tufike Novemba. Septemba kuna mavuno ya mpunga wa mwituni, halafu mawindo ya paa mkubwa wa kaskazini, kisha baridi inaanza na mtoto anaugua. Kukitokea msiba kwao, ukoo mzima husafiri siku kadhaa. Hakuna hata moja kati ya hayo linalomwondoa mtu shuleni. Kinachomwondoa ni kurudi baada ya siku nane na kukuta wenzake wako ukurasa wa 90. Vunja kila krediti katika vipande kumi vya saa 11, kila kimoja kikiwa na bahasha yake: maelekezo, kazi, vigezo vya alama. Anayerudi anachukua bahasha aliyoacha. Akikosa siku mbili, apigiwe simu na mtu anayemjua. Usimtumie barua yenye nembo. Manitoba watoto wapatao tisa kati ya kumi walio chini ya uangalizi wa serikali ni wa jamii za asili, na mzazi akiona bahasha rasmi huwaza watoto wake kwanza.

Liko na jambo la tarehe. Siku ya Fulana za Chungwa, 30 Septemba, ya kuwakumbuka watoto wa jamii za asili zaidi ya 150,000 waliotenganishwa na familia zao na kupelekwa shule za bweni za serikali na makanisa, huangukia mwezi wa kwanza wa masomo, wakati bado hamjazoeana. Shule za mwisho za aina hiyo zilifungwa miaka ya 1990, kwa hiyo darasani mna watoto wa waliopita humo, na pengine waliopita wenyewe. Tangaza siku moja kabla nini kitasomwa, weka msaidizi wa jamii chumbani, na mlango uwe wazi. Usiwape insha ya "uzoefu wa familia yangu". Na ile sentensi yetu, "hata sisi tulitawaliwa", ina ukweli wake, ila iache mpaka mtu akuulize.

Wataalamu wa elimu Verna Kirkness, Mcree wa Fisher River, na Ray Barnhardt walishaandika mwaka 1991 kwamba elimu ya namna hii inasimama juu ya heshima, kugusa maisha ya mwanafunzi, kupeana na kuwajibika. Hapo kwenye kupeana ndipo tunateleza: tunachukua hadithi za Mzee, hatumpelekei nakala ya kilichoandikwa kutokana nazo. Mpelekee.

Ama hiyo Ijumaa, ihamishie Jumanne ndani ya kipindi cha hesabu. Nishani zilizokwisha shonwa zisitupwe: kila mshonaji ahesabu shanga za kila mzunguko, achore jedwali, alinganishe na pai mara mbili ya namba ya mzunguko, na aandike sentensi tatu kueleza pale hesabu na sindano zilipotofautiana. Karatasi hiyo utaipa alama. Saa za Septemba ambazo hazikuwa na lengo la somo wala daftari huwezi kuzirudisha, na ni bora umwambie hivyo yule aliyekulalamikia.