Kuhusu Boeing 247 ya 1933: anza na mlango wa choo

Habari mkuu. Unauliza kama ile ndege ya abiria ya United, shirika la ndege la Marekani, iliyoanguka karibu na Chesterton, Indiana, tarehe 10 Oktoba 1933 ikitoka Cleveland kwenda Chicago iliharibika injini au ililipuliwa.

Mimi nilikwama hapohapo, nikapoteza siku kadhaa na ile bunduki iliyokutwa kwenye mabaki. Achana nayo, ilikuwa mzigo wa abiria aliyekuwa akienda kwenye mashindano ya kulenga shabaha.

Angalia kwanza mlango wa choo, kule nyuma. Upande wake wa ndani ulijaa vipande vya chuma; upande wa pili haukuwa na hata kimoja. Injini haifanyi hivyo! Choo na sehemu ya mizigo vilisambaratika, na mkia ulikatika ukaanguka karibu maili moja kutoka kwenye mabaki mengine, ukiwa mzima kwa sehemu kubwa. Wapelelezi wakahitimisha ni kilipuzi, pengine nitrogliserini.

Sasa nani alikiweka? Hapo hata mimi nimegota. Watu wote 7 walikufa, na hakuna aliyewahi kushtakiwa.