Jibu: Mbuzi wa kikundi Marangu

Mkuu, umeuliza kama watu 15 mkitoka Moshi mnaweza kuibukia Marangu bila oda mkala mbuzi. Kuibuka mtaibuka, kula ndiyo kazi. Pigeni simu siku moja kabla, ili mbuzi achinjwe asubuhi, la sivyo mtashinda mkihesabu migomba. Sisi tulikuwa 14, mmoja akatutosha.

Anzeni na mtori wa moto, ile supu ya ndizi. Ule wa kule ndizi zimepondwa mpaka kijiko kinasimama. Kisusio ni supu inayotiwa damu ya mbuzi, kwa hiyo waulizeni wenzenu mapema. Asiyekula nyama aagiziwe kiburu, yaani ndizi zilizopikwa na maharage. Mbege, pombe ya ndizi na ulezi, onjeni; dereva asiguse. Na bei mwelewane kabla kisu hakijatoka.