Mabao 73 kwa 32: besiboli ya Massachusetts ilichezwaje?

SWALI: Nafundisha michezo. Nimesoma kwamba mechi ya kwanza ya besiboli baina ya vyuo vya Marekani ilichezwa Pittsfield, Massachusetts, Julai 1, 1859. Amherst waliwafunga Williams 73–32, wachezaji 13 kila upande, raundi 26. Tarakimu hizi ni sahihi kweli? Na nikitaka wanafunzi waujaribu mchezo huo, niandae nini?

JIBU: Ni sahihi, Mwalimu. Zinashangaza kwa sababu besiboli ya leo imetokana na kanuni za New York, ilhali hawa walifuata za Massachusetts, ambazo vilabu vya huko vilizipitisha mjini Dedham Mei 1858. Humo, mpigaji mmoja akitolewa, upande wote unatoka na wapinzani wanaingia kupiga. Kwa hiyo raundi 26 ni kutolewa kama mara 26 kwa kila upande. Raundi 9 za leo, watatu kila raundi, ni mara 27. Mechi hazikupishana sana kwa urefu. Kilichopishana ni wepesi wa kufunga: hakukuwa na faulo (mpira uliopigwa ukatoka nje ya mistari, ambao leo mpigaji hakimbii nao), hivyo mpira ukiparuza gongo na kurukia nyuma, mpigaji anatimua mbio. Glovu nazo hazikuwepo. Kanuni za Dedham zilitaka mshindi afikishe mabao 100. Pittsfield walikubaliana 65.

Uwanja ni mraba wa mita 18.3 kila upande. Simika kigingi cha mita 1.2 kila pembe, kisha pima kona kwa kona: usipopata mita 25.9, mraba umepinda. Mpigaji husimama katikati ya kigingi cha kwanza na cha nne, kwa hiyo mbio za kwanza ni mita 9 tu. Mtupaji humkabili kutoka mita 10.7, na anarusha mkono ukipita juu ya bega. Anayezunguka mpaka kigingi cha nne amefunga bao.

Mpira ndio wa kuangalia sana. Mkimbiaji aliye nje ya kigingi hutolewa kwa kupigwa nao, kama kwenye rede. Ndiyo maana ulikuwa wa gramu 57 hadi 78 tu, mzingo sentimita 16.5 hadi 21.6, umefunikwa ngozi. Wa leo una gramu 142 na zaidi, tena mgumu. Ukiutumia hapa utavunja mtu mbavu. Gongo liwe la mviringo, unene usizidi sentimita 6.3.

Kosa la kawaida ni kuwapanga wadakaji wote mbele. Bila faulo, wapigaji wajanja wataugusa mpira tu uende nyuma, kwa hiyo weka angalau wawili nyuma ya mdakaji mkuu, yule anayekaa nyuma ya mpigaji, na watazamaji wasisimame huko. Kaeni mbali na madirisha pia: Pittsfield hiyohiyo ilipiga marufuku mchezo huu mwaka 1791 ndani ya yadi 80, yaani mita 73, kutoka jumba lao jipya la ibada.

Si lazima wawe 13. Dedham waliruhusu 10 hadi 14 kila upande.